Kuchagua Migahawa Marseille: Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kula kama Mwenyeji

Marseille ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ufaransa na ni mkongwe kuliko miji yote mikubwa ya nchi hiyo, kwani uliasisiwa na mabaharia wa Kigiriki takriban mwaka 600 kabla ya Kristo, na tangu hapo kila taifa lililotia nanga katika bandari yake limeacha kitu jikoni. Waitaliano wameacha piza, Waalgeria na Watunisia wameacha kuskusi, na Wangazija wameacha kisamvu cha nazi. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hukuta migahawa imepangana bega kwa bega kuzunguka Bandari ya Zamani, iitwayo Vieux-Port, na mingi kati ya hiyo inamsubiri mtu asiyejua aendako. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata kanuni moja tu: amua kwanza unataka kula nini, kisha uende mtaa ambao chakula hicho ndiko kwao. Mandhari ya bahari yapo kila mahali katika mji huu, na hayapaswi kuwa kigezo cha kuchagulia meza.

Hatua ya kwanza: Panga siku na saa kabla ya kupanga mgahawa

Jiko la mgahawa wa Kifaransa lina saa zake, na nje ya saa hizo mpishi hayupo. Chakula cha mchana hutolewa kuanzia saa sita hadi saa nane, na cha usiku kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne hivi. Anayeingia saa tisa alasiri akitaka samaki wa kuchoma ataambiwa kwa upole kwamba kilichobaki ni kahawa. Ipo migahawa michache karibu na bandari inayopika mchana kutwa, na huandika mlangoni maneno "service continu", lakini mara nyingi hiyo si ile ambayo mtu angesafiri kwa ajili yake.

Siku nazo zina mambo yake. Migahawa mingi mizuri hufungwa Jumapili usiku na Jumatatu kutwa, kwa hiyo mgeni anayefika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne asubuhi atakuwa amejinyima mwenyewe. Jumapili mchana, kinyume chake, familia nzima za Marseille hutoka kwenda kula kando ya bahari, na meza zote za pwani hujaa. Siku hiyo usiende popote bila kuweka nafasi. Ijumaa ndiyo siku ya aïoli, chakula cha desturi cha Provence ambacho ndani yake kuna samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa na kuchemshwa, mayai, karoti, viazi, maharagwe mabichi na pengine konokono wa baharini, vyote vikiliwa kwa mchuzi mzito wa kitunguu saumu kilichotwangwa na kupigwa na mafuta ya zeituni. Hata migahawa midogo ya wafanyakazi wa ofisini huweka aïoli siku ya Ijumaa mchana, na bei yake huwa ya kawaida kabisa.

Jambo jingine la kuangalia ni upepo. Mistral, upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône, ukianza kuvuma huweza kuendelea kwa siku kadhaa, na mashua ndogo za uvuvi hazitoki. Siku hizo soko la samaki huwa karibu tupu, meza za nje hazikaliki, na mgahawa mwaminifu utakuambia bila kusita kwamba aina fulani za samaki hazipo. Mwenye ratiba inayonyumbulika afadhali asogeze mlo wake mkubwa wa samaki hadi siku ya pili au ya tatu baada ya upepo kutulia.

Hatua ya pili: Gawa fedha zako kwa mlo mmoja mkubwa na mingine midogo

Kosa la kawaida ni kutumia kiasi kilekile cha fedha kila mlo, jambo linalomfanya mtu ale vya wastani siku zote. Marseille haihitaji mpango wa namna hiyo, kwa kuwa vyakula vyake vya bei nafuu ni vizuri sana, na chakula chake cha heshima ni ghali kweli. Bouillabaisse, yaani mlo maarufu wa samaki na mchuzi wa Marseille, ikipikwa kwa kufuata kanuni mara nyingi huzidi euro 60 kwa mtu mmoja, bila vinywaji. Kipande cha piza au panisse, vitafunio vya unga wa dengu vilivyokaangwa, hugharimu euro chache tu, na "plat du jour", yaani chakula cha siku kilichoandikwa ubaoni, ndiyo njia ya kula vizuri mchana bila kuumia. Tenga fedha za bouillabaisse moja, kisha milo mingine yote uile mitaani.

Sheria za Ufaransa zinamlinda mlaji katika mambo kadhaa. Mgahawa unalazimika kubandika orodha ya vyakula na bei nje ya mlango, hivyo hakuna sababu ya kukaa kabla ya kusoma. Bei iliyoandikwa tayari ina gharama ya huduma ndani yake, kwa hiyo bakshishi ni hiari. Ukiridhika unaacha sarafu mbili tatu, na usipoacha hakuna atakayekununia. Mkate huletwa bila malipo, na maji ya bomba ni ya bure ukiomba kwa maneno "une carafe d'eau". Ukisema "maji" tu utaletewa ya chupa, nayo yataonekana kwenye bili.

Hatua ya tatu: Anza asubuhi kwenye soko la samaki

Kila asubuhi, kuanzia saa mbili hivi hadi karibu saa saba mchana, wavuvi huuza walichovua usiku kwenye gati la ndani kabisa la Bandari ya Zamani, Quai de la Fraternité, ambalo wazee bado huliita kwa jina lake la awali, Quai des Belges. Mahali penyewe ni rahisi kupatambua, kwa kuwa jirani yake pamejengwa paa kubwa la chuma kilichosuguliwa hadi kikawa kama kioo, kazi ya msanifu Norman Foster iliyokamilika mwaka 2013, na ukiinua macho utajiona umesimama kichwa chini miguu juu pamoja na umati mzima.

Mgeni asiye na jiko haendi pale kununua. Anakwenda kusoma. Tazama trei za wavuvi na ujifunze sura za samaki wachache: rascasse, mwekundu, mwenye kichwa kikubwa na miiba yenye sumu mgongoni; Saint-Pierre, bapa, mwenye doa jeusi ubavuni; baudroie, ambaye ni kichwa na kinywa kitupu na mkia mnene; na congre, aina ya mkunga mrefu wa kijivu. Hao ndio utakaokutana nao sahanini saa chache baadaye, na ukishawaona wakiwa wazima, hutakubali kwa urahisi minofu isiyo na jina iliyotoka kwenye barafu.

Hatua ya nne: Kula bouillabaisse, lakini ile yenyewe

Chakula hiki kilianza kama mlo wa wavuvi. Samaki wa miambani, wenye miiba na mifupa mingi, hawakununuliwa na mtu, kwa hiyo mvuvi aliwachemsha yeye mwenyewe kwenye sufuria pamoja na vitunguu, nyanya, shamari na mafuta ya zeituni. Zafarani iliongezwa baadaye, na bei ikapanda pamoja nayo. Kufikia miaka ya 1970 migahawa ya bandarini ilikuwa ikiuza chochote chenye rangi ya machungwa kwa jina hilo, ndipo mwaka 1980 wenye migahawa kadhaa wakaandika Mkataba wa Bouillabaisse ya Marseille, wakaeleza ndani yake ni samaki gani wanaokubalika na namna gani wanaandaliwa mezani.

Kanuni zenye maana kwa mlaji ni chache. Ndani ya sufuria ziwemo angalau aina nne za samaki kutoka katika orodha ya mkataba, ambayo ina rascasse, rascasse nyeupe, vive, galinette, Saint-Pierre, baudroie, congre na chapon. Kamba mawe anaruhusiwa kwa anayetaka kuongeza, lakini si wa lazima. Mchuzi na samaki huletwa katika vyombo viwili tofauti, na samaki hukatwa mbele ya mgeni. Kanuni hii ya mwisho ndiyo kipimo bora kuliko vyote, kwa kuwa samaki aliyeletwa mezani akiwa mzima hawezi kudanganya.

Mpangilio wa mlo wenyewe unastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana wageni wengi huchanganya mambo. Kwanza mhudumu huleta sinia lenye samaki wazima waliokwishapikwa, akakutajia mmoja mmoja, kisha akalipeleka kwenye meza ya pembeni ili atoe mifupa kwa kijiko na uma. Wakati akifanya hivyo, mbele yako huwekwa sahani ya mchuzi peke yake. Mchuzi huo ni mzito kidogo, wenye rangi ya kutu, kwa sababu samaki wadogo wa miambani wamepikwa humo hadi wakasagika na kuchujwa. Utakuta pia vipande vya mkate uliokaushwa, punje za kitunguu saumu zilizomenywa, na bakuli la rouille, sosi nzito ya saumu, pilipili, zafarani na mafuta ya zeituni. Chukua kipande cha mkate, kisugue kwa saumu, kipake rouille, kisha kiweke juu ya mchuzi hadi kiloe. Hapo ndipo unapoanza kula. Sahani ya kwanza ikiisha, huletwa samaki na viazi vilivyoiva ndani ya zafarani, na humiminiwa mchuzi mwingine juu yake. Ukiomba uongezewe mchuzi, katika migahawa mingi hutanyimwa.

Huu ni mlo wa mchana, na kwa maoni yangu anayeula usiku anajitafutia usiku mrefu. Mahali pake pa kihistoria ni Vallon des Auffes, bandari ndogo ya wavuvi iliyojificha chini ya matao ya barabara ya pwani, Corniche Kennedy, ambako mashua za mbao ziitwazo pointu zimefungwa hatua chache kutoka mezani. Chez Fonfon imekuwa pale tangu 1952 na ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka kula bouillabaisse mara moja maishani, kwa kuwa kazi inafanywa kwa utulivu na bila maonyesho. L'Épuisette, iliyoko kwenye mwamba mdomoni mwa bandari hiyohiyo, ni ya kifahari zaidi. Basi namba 83 kutoka Vieux-Port hupita juu ya bandari hiyo na lina kituo kiitwacho Vallon des Auffes. Ukishuka, teremka ngazi. Kwa asiyetaka kutoka katikati ya mji, Le Miramar, kwenye gati la Quai du Port, ni miongoni mwa migahawa iliyotia saini mkataba huo. Popote utakapokwenda, piga simu siku moja au mbili kabla na useme wazi kwamba unataka bouillabaisse, kwa sababu wapo wanaonunua samaki kulingana na idadi ya walioagiza.

Ukiona ubao unaotangaza bouillabaisse kwa euro 20, fahamu kwamba unachouziwa ni supu ya samaki. Supu hiyo, "soupe de poisson", si chakula kibaya hata kidogo. Ina mchuzi uleule uliochujwa, mkate, rouille na jibini iliyokunwa, na mgahawa unaoiandika kwa jina lake halisi unastahili wateja. Shida iko kwa anayeibadilisha jina.

Hatua ya tano: Panda Le Panier ukale piza

Le Panier ni mtaa wa kale ulio kilimani nyuma ya Quai du Port, wenye vichochoro na ngazi, na ndio uliopokea Wanapoli na Wakorsika walipokuja kutafuta kazi bandarini. Kwenye Rue de Lorette kuna Chez Étienne, iliyofunguliwa mwaka 1943, ambayo bado inaoka piza katika tanuri la kuni. Agizo la kienyeji ni "moitié-moitié", nusu yake ikiwa na samaki wadogo wa chumvi waitwao anchois na nusu ikiwa na jibini, na huliwa na watu wote mezani kama kianzio. Baada yake huagizwa supions, ngisi wadogo waliokaangwa kwa saumu na majani ya parsley, na walio na njaa zaidi hufuatishia kipande cha nyama. Kelele ni nyingi, meza zimebanana, na mhudumu hana muda wa kukubembeleza. Mwenye kutafuta mahali pa maongezi ya siri asiende.

Piza ya Marseille ina tawi lake la barabarani. Inasemekana gari la kwanza la kuuzia piza lenye tanuri la kuni ndani yake lilibuniwa hapa na Jean Méritan mwaka 1962, na hadi leo magari hayo huegeshwa jioni kwenye vituo vyake vya kudumu katika mitaa mbalimbali. Mwenyeji huagiza, hungoja kando ya barabara, kisha hupeleka boksi nyumbani au ufukweni.

Hatua ya sita: Nenda L'Estaque kwa panisse

Hatua hii ndiyo watalii wengi huiruka, na ndiyo ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataifurahia kuliko zote. L'Estaque ni kijiji cha zamani cha wavuvi na viwanda vya vigae, upande wa kaskazini wa ghuba, ambacho wachoraji Cézanne na Braque walikichora mara nyingi. Basi namba 35 kutoka Joliette hufika huko, na katika miezi ya joto kuna mashua ya abiria kutoka Vieux-Port. Kando ya bandari yake vimejipanga vibanda vichache vinavyouza vitu viwili tu, panisse na chichi frégi.

Panisse hutengenezwa kwa unga wa dengu unaosongwa kwa maji na mafuta ya zeituni, kama ugali mwepesi, kisha ukamiminwa katika umbo la bomba na kuachwa ugande. Ukishaganda, hukatwa visahani vyenye unene wa kidole na kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Vikitoka huwa na ganda kavu la rangi ya dhahabu, na ndani yake ni laini kama krimu. Hutiwa kwenye karatasi iliyokunjwa, hunyunyiziwa chumvi na pilipili manga, na huuzwa kwa dazeni au nusu dazeni. Uvile papo hapo, ukiwa umesimama ukutani ukitazama mashua, kwa sababu vikipoa vinapoteza nusu ya utamu wake. Chichi frégi ni kitu kingine: ni donge refu la unga wa ngano lililotiwa maji ya maua ya mchungwa, likakaangwa na kugaragazwa kwenye sukari. Foleni ndefu kuliko zote huwa kwenye kibanda cha Chez Magali, lakini tofauti kati ya kibanda na kibanda ni ndogo, na njaa isikufanye mtumwa wa jina.

Hatua ya saba: Tumia siku nzima Noailles na Belsunce

Mitaa hii miwili iko pande mbili za barabara kuu ya La Canebière, dakika chache kwa miguu kutoka bandarini, na kituo cha Noailles kiko kwenye njia ya pili ya metro. Soko la Marché des Capucins huanza kituoni kwenyewe: mnanaa, pilipili, mihogo, bamia, tende, samaki wa barafu na wauzaji wanaopiga kelele kwa lugha nne. Usitegemee usafi wa maduka makubwa, na shika mkoba wako vizuri.

Kwa mlo wa kukaa, Le Fémina, kwenye Rue du Musée, ni nyumba ya familia ya Kikabylia, yaani Waberberi wa Algeria, iliyopika tangu 1921, na inajulikana kwa kuskusi ya shayiri, ambayo ni nyeusi na yenye ladha ya nafaka kuliko ile ya ngano iliyozoeleka. Kwa mlo wa haraka, Chez Yassine, mwanzoni mwa Rue d'Aubagne, hupika vyakula vya Tunisia kama leblebi, supu ya dengu nzima yenye bizari, vipande vya mkate mkavu na yai. Upande wa Belsunce, Sur le Pouce, kwenye Rue des Convalescents, huuza kuskusi kwa bei ambayo wanafunzi wanaimudu. Anayetaka chaza, kome na kamba bila kuvaa shati la heshima aende Toinou, kwenye Cours Saint-Louis, ambako huchagua mwenyewe na kuletewa sinia la barafu. Kati ya Novemba na katikati ya Aprili uliza kama wana oursin, yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba anayewachoma waogeleaji miguu. Hapa hupasuliwa akiwa mbichi, na mayai yake ya rangi ya machungwa huliwa kwa kipande cha mkate. Mji jirani wa Carry-le-Rouet hufanya sherehe nzima ya kumla kiumbe huyu Jumapili za mwezi Februari.

Msomaji wa Kiswahili asiondoke mitaa hii bila kuwatafuta Wangazija. Walianza kufika Marseille kama mabaharia wa meli za Kifaransa, na leo ni makumi ya maelfu, kiasi kwamba wenyewe husema mji huu ni mmoja wa miji mikubwa ya Komoro. Migahawa yao ni midogo, mingine ikiwa na meza nne au tano tu, na hupatikana Noailles, Belsunce na katika mitaa ya kaskazini. Mingi haitangazwi kokote, na majina hubadilika, ndiyo maana sikupi anwani. Tafuta dirisha lenye sufuria kubwa na maandishi ya "mataba", ambayo ni kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa tui la nazi, au "mabawa", yaani mabawa ya kuku yaliyokaangwa na kuliwa na muhogo au ndizi na pilipili ya kusaga. Pilau huwepo zaidi mwisho wa wiki. Ukiingia, mtolee salamu aliye mkubwa kwa umri kabla ya kuuliza bei, na usishangae ukijibiwa kwa Kingazija na mkaelewana nusu ya maneno.

Kuhusu halali: karibu migahawa yote ya Noailles na Belsunce ya Kiarabu na ya Kingazija hufuata, na mara nyingi huandika mlangoni. Kwingineko inabidi kuuliza. Bouillabaisse haina nyama, ingawa wapo wapishi wanaotia divai au pastis kwenye mchuzi, kwa hiyo uliza kwa maneno "sans alcool?" Chakula cha kuangaliwa zaidi ni pieds paquets, fahari nyingine ya Marseille, ambacho kwa macho kinafanana na kongoro na utumbo wa kwetu: ni miguu ya kondoo pamoja na vifuko vya utumbo vilivyoshonwa na kupikwa kwa saa nyingi katika nyanya. Ndani ya vifuko hivyo huwa na nyama ya nguruwe ya chumvi, na divai nyeupe imo mchuzini. Asiye na kizuizi hicho atakipata kikiwa kimepikwa vizuri Chez Madie Les Galinettes, kwenye Quai du Port.

Hatua ya nane: Ukiwa na siku ya ziada, fuata bahari hadi barabara iishe

Les Goudes ni kijiji kilicho karibu na mwisho wa Marseille upande wa kusini, chenye nyumba ndogo za wavuvi na milima mitupu ya chokaa nyuma yake. Panda metro hadi Rond-Point du Prado, kisha basi namba 19 hadi La Madrague de Montredon, na kutoka hapo basi namba 20. Le Grand Bar des Goudes na jirani zake huuza samaki wa kuchoma kwa uzito. Omba uonyeshwe samaki na uambiwe bei yake kabla hajaenda motoni, kwa maana bei ya gramu 100 huonekana ndogo hadi mizani inapozungumza.

Mbele zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Calanques, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo ni mlolongo wa vihori vyembamba kati ya kuta za mawe meupe. Katika kihori cha Sormiou kuna mgahawa wa Le Château, juu kidogo ya ufuko. Wakati wa kiangazi magari ya wageni huzuiwa kuteremka, lakini mwenye nafasi aliyoiweka mgahawani huruhusiwa kupita, jambo linalofanya simu moja ya mapema iwe na thamani kubwa. Hata hivyo, angalia tangazo la kila siku la hatari ya moto, kwani siku za upepo na ukame msitu wote hufungwa. Beba fedha taslimu, kwa kuwa mtandao wa simu ni hafifu huko chini na kadi hazitegemeki.

Kuhusu migahawa ya nyota

Marseille ina majina mawili makubwa katika daraja la nyota tatu za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima ubora wa migahawa. Le Petit Nice, kwenye mwamba wa Corniche, ni nyumba ya familia ya Passedat tangu 1917. Gérald Passedat alipata nyota ya tatu mwaka 2008 kwa kupika samaki wa Mediterania wasiopewa heshima kwingineko. AM, mgahawa mdogo karibu na uwanja wa Vélodrome, ni wa Alexandre Mazzia, aliyezaliwa Pointe-Noire nchini Kongo na kulelewa huko, akacheza mpira wa kikapu kabla ya kushika kisu, na akapata nyota ya tatu mwaka 2021. Sahani zake ni ndogondogo na nyingi, zenye moshi, viungo vya kukaangwa na pilipili, na mtu aliyekua akila samaki wa kubanika atatambua kitu ambacho Mfaransa wa Paris huenda akakiona cha ajabu. Gharama za yote miwili ni za mamia ya euro, na nafasi huwekwa wiki nyingi kabla kwa dhamana ya kadi ya benki. Ukitaka kupunguza gharama, uliza menyu ya mchana.

Maneno ya kuingilia na kutokea

Sema "Bonjour" kabla ya jambo jingine lolote, au "Bonsoir" ikiwa ni jioni. Anayeanza kwa swali bila salamu huhesabiwa kuwa mkorofi, na huduma atakayopata italingana na hesabu hiyo. Usijichagulie meza, ngoja uonyeshwe. "Entrée" ni chakula cha kutangulia, na "plat" ndicho chakula chenyewe. "Formule" ni sahani mbili kwa bei moja, kwa kawaida mchana tu. Bili haiji mpaka uiombe kwa maneno "l'addition, s'il vous plaît", kwani kuileta bila kuombwa ni sawa na kumfukuza mgeni.

Cha kubeba nyumbani kiko Rue Sainte namba 136, karibu na abasia ya Saint-Victor. Four des Navettes ni tanuri lililowashwa mwaka 1781, na huoka biskuti zenye umbo la mashua zilizotiwa maji ya maua ya mchungwa, ambazo tarehe 2 Februari kila mwaka hubarikiwa na askofu mkuu katika sikukuu ya mishumaa. Hazina krimu wala hazihitaji friji, kwa hiyo zinavumilia safari ndefu ya ndege. Ni ngumu kwa asili yake, na huchovywa kwenye kahawa au chai kabla ya kuumwa.